Mtoto wa Maharage

Wiki iliyopita nesi alikuja kibandani kwangu na kiroba cha vitambaa. Akakimwaga juu ya meza: vipande vya vitenge, shuka kuukuu, sweta la kijivu lililotoboka viwiko. Alinisalimia vizuri, akaulizia nyumbani, akaulizia baridi kana kwamba yeye haishi Sumbawanga. Kisha akasema, "Fundi, wale watoto wamechakaa. Mmoja kachanika shingo, kila tukimnyanyua anatumwagia mahindi. Naomba utushonee wengine."

Alisema hivyo akiangalia cherehani. Mimi hakuniangalia.

Nikamwambia aache vitambaa, nitaona. Alipoondoka nikavisukuma vyote chini ya meza kwa mguu, nikaendelea kukunja pindo la suruali ya mtu. Pindo lenyewe nilikosea, nikalifumua, nikakosea tena. Nikazima cherehani, nikakaa nje ya kibanda kuangalia watu wa Milanzi wakipita na kazi zao, kila mmoja na koti lake, na mimi nikamkumbuka mtoto wa kwanza niliyemshona.

Yule nesi alikuwa amehamia zahanati yetu kipindi kile, akaja na wazo la kuwafundisha wajawazito na wenza wao kila Jumamosi asubuhi. Mke wangu alikuwa na mimba. Naandika hivyo kwa ufupi, lakini haikuwa habari fupi. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda mrefu kuliko watu walivyoweza kuvumilia. Mama yangu, aliyeko kijijini njia ya Laela, alikuwa ameacha hata kuuliza. Alikuwa anatutumia tu debe la maharage kwa basi, na ujumbe kwamba anatuombea. Katika jumuiya yetu ya kanisani wanawake walikuwa wameanza kumwita mke wangu "dada", wakati wenziwe wote wanaitwa mama fulani. Yeye hakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nanuna kwa niaba yake.

Kwa hiyo ilipotokea, tulikuwa kama watu waliobebeshwa yai. Nilimkataza kuchota maji. Nilimkataza kupanda bodaboda. Alinicheka. Lakini aliponiambia twende darasani nikamjibu nina sare za shule za kumaliza, na darasa la wajawazito mwanaume anakwenda kufanya nini.

"Sawa," akasema. "Nitamwambia nesi mwenza wangu ni cherehani, haina miguu ya kutembea."

Nikaenda.

Tulikaa kwenye mabenchi ya kungojea dawa. Wanawake walikuwa wengi, wanaume tulikuwa wachache na kila mmoja aliangalia viatu vyake. Kulikuwa na binti mmoja wa Kisukuma, ndugu zake wanafuga kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, amekuja na mama mkwe wake kwa sababu mume yuko na ng'ombe. Huyo mama mkwe aliuliza maswali kuliko sisi wote. Nesi alitufundisha dalili za hatari: damu, kichwa kuuma sana, miguu na uso kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Hilo la mwisho alilirudia kila Jumamosi. "Mtoto akinyamaza, msisubiri kesho. Msisubiri mvua ikatike. Njooni." Alitufundisha kupumua wakati wa uchungu, na sisi wanaume tukapumua pia, na yule mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Alitufundisha kuandaa begi na kulining'iniza mlangoni. Na kujua mapema ni nani mwenye gari, na ni ndugu yupi atakubali kutoa damu.

Halafu akaja kwenye kumshika mtoto. Alikuwa na mwanasesere mmoja wa plastiki, mkono mmoja umepotea, shingo ngumu kama chupa. Akampitisha kwetu, tukampokea kama unavyopokea mkate.

"Huyu anawadanganya," nesi akasema. "Mtoto mchanga hana shingo. Nani hapa ni fundi?"

Mke wangu akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

Basi nikawashonea watoto. Nesi alikuja kibandani kusimamia mwenyewe. Maisha yangu yote nimeshona kola zisimame, mabega yasimame, na huyu mama akaja kuniambia, "Shingo ilegee, fundi. Mtu akimnyanyua vibaya, kichwa kidondoke. Hapo ndipo atajifunza." Nilishona shingo ya kwanza ikasimama. Ya pili ikasimama. Mkono wangu ulikuwa unakataa kufanya kazi mbovu. Mwishowe nikaiacha sehemu ya shingo bila kujaza kitu, kitambaa kitupu tu, na kichwa kikaanguka nyuma. Nesi akapiga makofi. Sura hakutaka. "Usiwatie macho, kila mtu atamwona wake."

Vitambaa nilitoa vya kwangu, masalio ya nguo za wateja. Ila wa kwetu nilimshona kwa kitenge cha mke wangu, kile cha bluu chenye ndege, kilichobaki nilipomshonea gauni la mimba. Nilitaka afanane na mama yake. Nesi akasema kila mzazi amjaze wake kwa chochote kilichopo nyumbani, uzito wa kilo tatu hivi, kama mtoto. Watu wakaja na mahindi, na ulezi. Yule binti wa Kisukuma akaja na mchele wa bondeni, mzuri, tukamwambia mtoto wako atakuwa wa sherehe. Sisi tulimjaza maharage ya mama.

Kumshika ni hivi, na sijasahau. Unapeleka mkono wa kwanza chini ya makalio. Wa pili unaupitisha chini ya shingo, vidole vimetanuka, kiganja kinabeba kisogo. Humnyanyui mpaka uhisi kichwa kimekaa mkononi. Halafu unamleta kifuani, wewe ndiye unayemwinamia, si yeye anayevutwa juu. Jumamosi ya kwanza nilimwangusha kichwa. Darasa zima likasema "Yuuu!" Mke wangu akaninyang'anya akasema, "Nipe mwanangu, utamvunja." Jumamosi zilizofuata sikumwangusha tena. Nesi akawa ananiita mbele niwaonyeshe wengine. Sikuwahi kuwa wa kwanza darasani shuleni, nikawa wa kwanza pale.

Vijana wa bodaboda pale kituoni walikuwa hawaniachi. Nikipita na bahasha yangu ya kliniki na yule mtoto kwapani wananipigia honi. "Mambo, mama kijacho!" "Mshikaji, na wewe unajifungua lini?" Niliwajibu matusi, lakini mwili wangu ulikuwa unatembea kwa maringo. Naona haya kidogo kusema nilikuwa na furaha kiasi gani. Nilikuwa nikishona naimba, mimi ambaye sauti yangu kwaya walishaikataa.

Darasa lilipofungwa, watu waliwafumua watoto, wakachukua nafaka zao, wakarudisha vitambaa. Ilikuwa kichekesho. Yule mama mkwe akasema leo kwao wanakula pilau la mtoto. Mke wangu akakataa kumfumua wa kwetu. Alimwomba nesi amruhusu abaki naye.

"Akija wetu ndiyo tutamfumua huyu," aliniambia njiani. "Tutampika siku hiyo hiyo, nile mimi mzazi."

Akamlaza kitandani, upande wa ukutani. Mama yangu hakujua lolote. Kwake tulikuwa tunakwenda kliniki, basi. Ningemwelezaje kwa simu kwamba nabembeleza maharage aliyotutumia?

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Mchana ule nilikuwa kibandani, mke wangu akaja kwa miguu, taratibu, mkono umekaa upande wa kulia wa tumbo. Hakukaa kwenye kiti nilichomvutia. Akasema, "Amenyamaza."

Sikuuliza nani. Sikusema tusubiri. Nilifunga kibanda na suti ya mtu imebaki mezani, begi lilikuwa linaning'inia mlangoni kama tulivyofundishwa, mwenye gari alikuwa anajulikana na alipokea simu. Tulifanya kila kitu. Nataka liandikwe hivyo, kwa sababu baadaye watu waliuliza kwa zamu, kwa upole, kama tulichelewa. Hatukuchelewa. Tuliyajua yote, tukayafanya yote kwa mpangilio wake, na hospitalini walimpokea mbio mbio, na mtoto alikuwa ameshakufa. Daktari alitwambia kuna wakati inatokea tu na sababu haionekani. Alikuwa kijana, na alisema akiwa amekaa nasi kwenye benchi, hakusimama. Nilimshukuru kwa kukaa.

Ilibidi amzae hivyo hivyo. Uchungu ni ule ule. Nilimsikia kutoka korido akipumua kama alivyofundishwa, na mimi nikawa napumua naye, nje, mwenyewe, kama mwendawazimu.

Mama alifika na basi la kutoka Laela pamoja na shangazi zangu. Mtoto akawa ameshazaliwa. Muuguzi akatoka na kifurushi, akasimama mbele yetu, akasema kwa sauti ya chini, "Ni wa kiume. Mama yake na baba yake wangependa kumwona?"

Nilikuwa nimeshainuka. Mama yangu akajibu.

"Hapana. Wasimwone."

Akanyoosha mikono, akampokea.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto asiyelia hana msiba. Haitandikwi mikeka, watu hawalali matanga, hakuna sahani ya rambirambi. Wanawake wakubwa wanamchukua, wanamzika wao wenyewe, baba na mama hawapelekwi. Hawaambiwi alivyofanana. Wanasema ukiijua sura yake utaibeba, na tumbo halitafungua tena. Wanasema kwa mapenzi, najua. Mama alinipita koridoni na mwanangu, amemfunika khanga mpaka juu, akaniambia, "Kaa na mkeo, baba. Haya si ya kwako." Nikakaa. Mtu mzima, mwenye ndevu, nimeambiwa na mama yangu nikae, nikakaa. Walimpeleka kijijini, wakamzika nyuma ya nyumba niliyozaliwa, na kabla ya giza walikuwa wamemaliza.

Mama aliporudi hospitalini, na mke wangu akapata nguvu ya kusema, alimwuliza mama swali moja. "Mama, alifananaje?"

"Lala, mwanangu," mama akasema. "Utapata mwingine."

Akauliza tena kesho yake, akajibiwa hivyo hivyo. Hakuuliza tena. Na hakulia. Maziwa yalikuja, yakamlowesha gauni, akawa anakamua kwenye beseni akiangalia dirisha. Nilikuwa nimemkasirikia mama yangu kiasi kwamba sikuweza kumtazama usoni. Hii hasira ilikuwa mpya kwangu. Nilimpenda mama yangu maisha yote bila kufikiri, na sasa nilikuwa namwona kama mtu aliyenificha kitu changu. Nilichotaka ni kidogo sana. Nilitaka kujua mwanangu alikuwa na sura gani, na nilitaka mtu mmoja, hata mmoja, amlilie kama mtu.

Tuliporudi nyumbani Milanzi, mama alitutangulia ili asafishe. Hiyo pia ni desturi: nguo za mtoto, begi, beseni, vyote vinatolewa kabla mzazi hajaingia, asikutane navyo. Alishavitoa. Nyumba ilinuka sabuni. Mke wangu alikaa kwenye mkeka sebuleni, akajifunika blanketi, wanawake wa jumuiya wakaanza kufika mmoja mmoja kusema pole ya ugonjwa. Ndivyo walivyosema. Pole ya kuumwa.

Mama akaingia chumbani kutandika kitanda, ambacho alikuwa bado hajakigusa. Halafu akatoka kwa kinyumenyume, mkono mdomoni, akaenda moja kwa moja jikoni, akarudi na ungo na mwiko, akaingia tena chumbani. Alipotoka mara ya pili alikuwa amebeba ungo mbele yake, mbali na mwili, na juu ya ungo alikuwa amelala yule mtoto.

Sasa mtazame kama mama alivyomtazama. Kitu cha kitambaa, umbo la mtoto. Hakina macho. Shingo imevunjika. Kimeshonwa kwa kitenge kile kile cha mke wangu, ambacho kila mtu alimwona amekivaa akiwa mjamzito, na ndani yake mna kitu kama mbegu, kinachakacha. Kimekutwa kitandani, upande wa ukutani, kwenye nyumba ambayo mtoto amekufa tumboni bila sababu ya kuonekana. Watu wa mikoa mingine wanatutania sisi wa Sumbawanga kwamba kwetu uchawi unauzwa sokoni kama nyanya, na mimi huwa nawajibu vibaya, maana nimechoka na utani huo. Lakini siku ile, ningekuwa mama, ningewaza alivyowaza.

"Nilijua," akasema. "Nilijua si bure. Wamemkata nguo yake. Wamemshonea."

Wanawake wa jumuiya wakainuka wote. Mmoja akatoka mbio kumwita katekista, anayekaa nyumba chache kutoka kwetu. Mwingine akasema kichomwe, mama akakataa, moshi utamfuata mzazi. Kizikwe, na shimo liwe refu. Mama mwenyewe akashika jembe, uani, karibu na ukuta, mvua ilikuwa imelainisha udongo.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, na nitakiri yalikuwa ya kikatili. Nilitaka kumwambia mbele ya watu: ni maharage yako hayo, mama, unaogopa maharage yako. Nilitaka aaibike.

Nikahisi shati langu linavutwa. Mke wangu alikuwa ameinuka kutoka kwenye mkeka, blanketi mabegani, ameshika mlango kwa mkono mmoja na shati langu kwa mwingine.

"Mwache," akasema.

"Lakini si kweli kwamba..."

"Mwache. Waache wasali."

Ndipo nikatazama uani kama yeye alivyokuwa anatazama. Katekista alikuwa amefika na maji ya baraka na kitabu chake, amevaa koti juu ya nguo za shamba. Wanawake walikuwa wamesimama nusu duara, vichwa vimefungwa. Palikuwa na shimo. Kando ya shimo, kwenye ungo, alikuwa amelala mtoto amevaa nguo ya mama yake. Watu walikuwa wamefika, na zaidi walikuwa wanaingia getini. Mtu alianzisha Baba Yetu.

Mwanangu hakupata hata ishara ya msalaba. Maharage yake yalipata.

Katekista alisali sala ndefu ya kuomba ulinzi wa nyumba hii, akaitaja nyumba, akamtaja mke wangu, akanitaja mimi. Alinyunyiza maji kwenye shimo, kwenye ungo, kwenye miguu yetu. Wanawake wakaimba, polepole, wimbo wa Bikira Maria wanaouimba makaburini, nadhani kwa sababu ndio uliokuja mdomoni wanaposimama mbele ya shimo. Mke wangu alikuwa ameegemea bega langu. Nikahisi anatetemeka, nikadhani ni baridi, kumbe analia. Alilia bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, na wanawake waliposikia wakazidisha kuimba.

Ikafika kukiweka ndani. Mama akainua ungo, akashindwa kuumwaga. Akaangalia wenzake, kila mmoja akarudi nyuma nusu hatua. Hakuna aliyetaka kukigusa.

"Mwenye nyumba akiweke mwenyewe," katekista akasema.

Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye tope. Kitu kile nilikishona mimi, nilijua kila mshono wake. Nikapeleka mkono wa kwanza chini. Wa pili nikaupitisha chini ya shingo, nikatanua vidole, nikasubiri mpaka kichwa kikakaa kiganjani. Halafu nikamwinamia, nikamleta kifuani. Sikupanga. Sikujua namna nyingine ya kumnyanyua. Alikuwa na uzito ule ule, na maharage yalikuwa ya baridi kwa kulala chumba kisicho na watu, na nikakaa naye hivyo. Kuimba kukapungua, kukakoma. Sikuweza kumwachia.

Nilipoinua macho, mama alikuwa anaangalia mkono wangu. Si uso. Mkono, ule wa shingoni.

"Nani alikufundisha kushika hivyo?" akauliza.

"Nesi," nikasema. "Ni darasani, mama. Mimi ndiye niliyemshona. Ndani ni maharage yako. Tulikuwa tunajifunza kumshika."

Nilikuwa nimetaka kuyasema kwa ukali, lakini yalitoka kama ya mtoto mdogo aliyekutwa analia. Katekista alifunga kitabu, akabaki amekishika. Mama aliweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye khanga, polepole, kila kidole, akasogea, akapiga magoti ng'ambo ya shimo, na kwa mara ya kwanza akakigusa, akakibonyeza tumboni kwa kidole gumba kama wanavyobonyeza wakulima gunia sokoni. Akayajua.

"Mungu wangu," akasema.

Nyuma yangu mke wangu aliuliza, kutoka mlangoni, kwa sauti iliyokwaruza kwa kulia, lile swali lake.

"Mama, alifananaje?"

Nilidhani mama atamwambia alale. Aliangalia wanawake wa jumuiya, wengine ni wakubwa kwake, walioshika desturi maisha yao yote, na mmoja wao, mzee kabisa, akainamisha kichwa.

"Alikuwa na nywele," mama akasema. "Nyingi. Mpaka huku kisogoni, za kulala."

"Na uso?"

"Paji la baba yake. Na mdomo wako, mwanangu, umefunga hivi, kama mtu anayetaka kucheka. Vidole virefu. Nilimwosha mimi. Nilimshika hivyo hivyo, mkono hapo hapo ulipo wa mumeo, maana shingo ilikuwa inaanguka, nikawa naogopa nitamwumiza."

Akanyoosha mikono yake juu ya shimo, nikampa. Akamlaza ndani, akamwekea kichwa vizuri. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye udongo uliolowa, akavuta khanga kichwani, akaanza kumlilia mjukuu wake.